Maziwa ya Jioni

Mahali po pote mlipo, jikoni, dukani, au ndani ya gari lililokwama matopeni, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Wakati huu wa mwaka, huku kwetu Moiben, mashamba yamekwisha kulimwa na watu wanatazama mawingu. Mvua ikishika mwishoni mwa Machi, kila mtu atataka kupanda siku ile ile, maana katika nyanda hizi za juu mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka, na mtu akikosea mwezi wa Aprili atayavuna makosa yake mwezi wa Novemba. Karo ya shule imelipwa nusu. Mbolea haijanunuliwa. Pesa zilizobaki zatosha kufanya jambo moja, na ndani ya nyumba mna watu wawili wenye mawazo mawili. Sisi tulio wachungaji twajua kwamba huu ndio msimu wa kubishiwa hodi usiku.

Kwa hiyo leo tumeona vema tuseme juu ya mafarakano na tofauti kati ya mume na mke. Hatusemi na wale ambao hawajapata kugombana hata siku moja. Hao, kama wapo, wazime redio wakalale.

Mwaka mmoja walitujia mume na mke wa upande huu wetu, watu wa kanisa, waliooana kwa pete yapata miaka kumi na minane. Shamba lao ni ekari tano. Mume alitaka ekari zote tano zipandwe mahindi, mbegu ya 614, kama baba yake alivyofanya. Mke alitaka nusu ekari ibakizwe kwa majani ya nepia, ili ng'ombe wao wawili wasikonde wakati wa kiangazi. Basi tulifurahi, maana tulidhani kesi ni nyepesi. Tukatwaa karatasi na kalamu, tukahesabu magunia ya nusu ekari, tukahesabu na chupa za maziwa. Tukafanya kazi hiyo kwa saa nzima. Lakini kila tulipokaribia mapatano, mke alisema, "Sawa, mzee, fanya upendavyo." Na kila aliposema hivyo mume alizidi kukasirika, ingawa alikuwa amepewa alichotaka! Hatimaye yule mama, akitazama sakafu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na maziwa ya jioni?"

Mume akanyamaza kimya. Karatasi yetu ya magunia haikuwa na kazi tena.

Wasikilizaji wetu walio Wanandi na jamaa zao wamekwisha kuelewa. Wengine tutawaeleza. Katika desturi ya Wanandi, maziwa yaliyokamwa asubuhi yalihesabiwa kuwa chini ya amri ya mume, na yaliyokamwa jioni yalikuwa ya mke. Kwa hayo alilisha watoto, akaweka mursik ndani ya kibuyu, akapata na cha kumpa mgeni bila kumwomba mtu ruhusa. Jambo hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu alilijua. Zilipokuja siku za kupeleka maziwa KCC, mambo yalikaa vizuri kwa muda. Ya asubuhi yalikwenda kwenye gari, ya jioni yakabaki nyumbani, ijapokuwa jina katika kitabu cha malipo mara nyingi lilikuwa la mume. Kisha vikaja vyama vyenye mitambo ya kupoza maziwa, wakaja na vijana wa pikipiki wanaonunua saa yo yote, hata jua likizama. Mume huyu, pasipo ubaya moyoni, alimwambia kijana mmoja wa pikipiki awe akipitia na jioni. Pesa zikaingia katika simu yake. Hakumwuliza mkewe, maana hakuona la kuuliza. Kwake yeye, ng'ombe ni wake na maziwa ni maziwa.

Mkewe alinyamaza miaka miwili. Katika miaka hiyo waligombana juu ya chumvi, juu ya mtoto aliyechelewa kurudi, juu ya mlango usiofungwa vema, na sasa juu ya nepia. Juu ya maziwa hawakugombana hata mara moja.

Ndugu msikilizaji, pengine nyumbani kwako nako mna neno la namna hii. Mtu hupiga kelele juu ya jambo dogo kwa kuwa lile kubwa aona haya kulitaja. Aona haya kwa sababu likitajwa litaonekana kama uchoyo, au kama wivu, au kwa sababu aliwahi kulitaja zamani akachekwa. Kwa hiyo ukiona ugomvi ni mkubwa kuliko kitu kinachogombaniwa, usibishane na chumvi. Uliza kwa upole, nawe ukiisha kuuliza ungoje. Sisi wanaume twauliza vizuri sana. Kungoja ndiko kunakotushinda.

Je, kutofautiana kwa mume na mke ni dhambi? Wako wakristo wanaodhani hivyo, nao huona aibu kuja Meza ya Bwana kwa kuwa juma lile walibishana nyumbani. Tuwapeleke wapendwa hawa katika kitabu cha Mwanzo, tutazame nyumba mbili, ya baba na ya mwana.

Nyumba ya Ibrahimu haikuwa ya kimya. Katika sura ya 16, Sara amwendea mumewe na kumtupia lawama wazi wazi juu ya habari ya Hajiri, ingawa shauri lile lilikuwa lake yeye mwenyewe. (Hilo nalo latokea majumbani, sivyo?) Katika sura ya 21 wabishana tena, na neno la Sara lamwuma sana Ibrahimu, naye Mungu amwambia mzee huyo amsikilize mkewe. Hatusemi kwamba kila neno la Sara lilikuwa jema. Hajiri alionewa, na Mungu aliyaona machozi yake. Twasema tu kwamba Ibrahimu alijua lililokuwa moyoni mwa mkewe, na Sara alijua kwamba aweza kulisema.

Sasa tazama nyumba ya Isaka. Ilianza kwa mapenzi makubwa. Isaka alimpenda Rebeka, akapata faraja baada ya kufiwa na mamaye. Alimwoa akiwa na miaka 40, wakakosa mtoto, akamwombea mkewe, na mapacha wakazaliwa yeye akiwa na miaka 60. Hiyo ni miaka ishirini ya kungoja pamoja. Hata mfalme Abimeleki, akichungulia dirishani, aliwaona wakichezacheza, akajua mara moja kwamba hawa si ndugu. Nanyi tafuteni katika kitabu chote mahali Isaka na Rebeka walipogombana. Hamtapaona. Twasoma tu kwamba baba alimpenda Esau na mama alimpenda Yakobo, na hatusomi kwamba walikaa siku moja wakalizungumza. Kisha katika sura ya 27 mzee kipofu amwita mwanawe mmoja kwa siri, na mkewe asikiliza pasipo yeye kujua, akapanga hila na mwana wa pili. Nguo za mtu mwingine, ngozi za mbuzi, na uongo mbele ya baba. Yakobo akakimbia, na Maandiko hayatuambii kwamba Rebeka alipata kumwona tena. Nyumba isiyo na ugomvi ilivunjika katikati.

Basi tusijisifu kwa sababu majirani hawatusikii.

Sisi wenyewe twasema haya tukiwa na kovu. Miaka kadhaa iliyopita ndugu yetu alipungukiwa na karo ya mwanawe wa kidato cha kwanza, akatujia jioni. Tulikuwa na mtamba mmoja mzuri, aliyekuwa karibu kuzaa. Asubuhi tulimwuza. Mke wetu alikuwa amekwenda mkutano wa Umoja wa Akina Mama, na aliporudi alikuta kamba imefungwa mtini, haina kitu. Tulimweleza habari yote, tukataja na mistari ya kutosha juu ya kuwasaidia wahitaji. Akasema, "Ni vyema, Baba." Akapika, akatuandalia mezani, kisha akaenda kula jikoni pamoja na watoto. Akafanya hivyo siku nne. Siku ya Jumapili tulipanda mimbarani tukahubiri juu ya amani, na hakuna aliyejua ila mtu mmoja aliyeketi kiti cha tatu.

Jioni ya siku hiyo tuliingia jikoni, tukakaa kwenye kigoda karibu na moto. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema, "Mtoto yule ni wangu pia. Ungeniambia, ningesema tuuze. Umeninyima kutoa." Wapendwa, tulikuwa tumejiandaa kujibu habari ya uchoyo, na uchoyo haukuwapo. Tulikuwa tumemwibia mke wetu sadaka yake. Chuo cha theolojia hakikutufundisha jibu la neno hilo, nasi tuliomba radhi kwa maneno machache mabovu.

Tangu hapo twajaribu kufuata mambo fulani, nasi tutayasema ingawa hatuyashiki sikuzote. Hatuzungumzi jambo zito tukiwa na njaa, wala mmoja akiwa anatoka safari. Tukizungumzia mtamba, twazungumzia mtamba, wala hatufukui makaburi ya mwaka ule. Neno "nyinyi watu wa kwenu" tumelipiga marufuku. Ukisema hivyo humwambii tena mkeo. Wawaambia baba mkwe na mama mkwe na mababu waliokufa, na mkeo hana budi kuwatetea wote. Tena, jambo la ndani halipelekwi katika kundi la simu la jamaa. Tumeona shemeji wa Nairobi na mjomba wa Mombasa wakiamua kesi ya sufuria iliyovunjika Moiben.

Kuhusu pesa za simu, tuseme wazi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 imekuwa rahisi kwa mume au mke kuwa na akiba ambayo mwenzake hajui hata kama ipo. Zamani pesa zilifichwa chini ya godoro, na godoro ni la wawili! Hatusemi kila senti iombewe ruhusa. Mama awe na zake za kutumia bila kuulizwa, na baba vivyo hivyo. Kilichoharibu nyumba nyingi tulizozijua ni deni lililofichwa, likaja kujulikana siku ya mwenye kudai kufika mlangoni.

Mtakatifu Paulo awaambia Waefeso, katika sura ya 4, kwamba jua lisizame wangali na hasira. Mstari huo umetumiwa vibaya. Tulimjua mume aliyemzuia mkewe kulala mpaka saa nane za usiku, ati lazima wapatane kwanza, jua limekwisha kuzama zamani. Mama wa watu alikubali kila kitu ili apate usingizi, na asubuhi mume akashangaa kwamba hakuna lililobadilika. Mtume hakusema kesi yote imalizike kabla ya magharibi. Yafaa kusema, "Bado hatujapatana, lakini mimi ni wako, tutaendelea kesho," kisha watu walale. Kuna mambo ya ndoa ambayo hayataisha kwa jioni moja, na mengine hayataisha kamwe. Mmoja apenda wageni, mwingine apenda utulivu. Mmoja alikulia katika nyumba ambayo watu wakikasirika husema kwa sauti na kusahau, mwingine alikulia mahali ambapo sauti ikipanda watoto hukimbilia nje. Hawa wawili wakioana, kila mmoja humwona mwenzake ni mkatili, kumbe kila mmoja anafanya yale yaliyoitwa adabu kwao.

Na jamaa je? Wahenga walisema ndugu wakigombana, uchukue jembe ukalime; wakipatana, uchukue kikapu ukavune. Jamaa wengi wakisikia ugomvi wa ndoa hawashiki jembe, waja na viti. Katika Uasin Gishu yetu hii yenye watu wa makabila mengi tuliona neno hili kwa uchungu mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mume wa kabila hili na mke wa kabila lile, waliokula pamoja miaka mingi, waliambiwa na pande zote mbili kwamba sasa hawawezi kukaa nyumba moja. Wako waliosikia jamaa, wakaachana. Wako na wale waliokaa, na hao leo ni wasimamizi wa arusi wazuri kuliko wote tulio nao.

Mkishindwa wawili, mwiteni wa tatu, lakini awe mmoja au wawili ambao nyote mwawaamini: wasimamizi wenu wa arusi, mzee wa kanisa, au mchungaji ajuaye kufunga kinywa. Hata serikali yalitambua jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yawapa ruhusa wale waliofunga ndoa ya Kikristo kutumia baraza la upatanisho la kanisa walimofungia ndoa yao, kama lipo. Makanisa mengi hayana baraza hilo, yana mchungaji aliyechoka tu. Tena wajue wanaume wenzetu kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mume wa mke mmoja kuuza, kukodisha wala kuweka rehani mali ya ndoa pasipo idhini ya mkewe, wala mke pasipo idhini ya mume. Mkisikia benki inataka sahihi mbili, msiseme ni mambo ya kizungu.

Hapa yatupasa kuweka mpaka, tena tuuweke kwa nguvu. Yote tuliyosema yahusu watu wawili wasioogopana. Mume akimpiga mkewe, au kumtishia, au kumfungia ndani, hiyo si tofauti ya mawazo, nasi hatutawaketisha wawili hao tukatafuta nani alianza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Agnes Tirop, mkimbiaji aliyekuwa fahari ya nchi, aliuawa ndani ya nyumba yake huko Iten, si mbali na hapa tulipo. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyeishi Trans Nzoia, alifariki katika hospitali kuu ya Moi mjini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Hao walijulikana na ulimwengu. Wako wasiojulikana ila na majirani.

Na sisi makasisi tuungame. Wako kina mama waliokuja kwetu na uso uliovimba, nasi tukawaambia wavumilie, waombe, wampikie vizuri. Tuliita ushauri huo wa kiroho. Mama, au baba, kwa maana wako na wanaume wapigwao, ukiwa katika hatari ondoka na watoto, uende kwa watu salama, uende hospitali na polisi. Piga simu nambari 1195, haina malipo. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani yakupa haki ya kuomba amri ya mahakama ya kukulinda. Hujamkosea Mungu wala hujavunja nadhiri; aliyeinua mkono ndiye aliyeivunja.

Turudi kwa wale wetu wa ekari tano. Baada ya swali la mkewe mume alikaa kimya kirefu, tukadhani atainuka aende zake. Kisha akasema, "Sikujua kwamba wahesabu." Mke akajibu, "Mama yako ndiye aliyenikabidhi kibuyu." Hatukutia neno. Mke wetu alileta chai, ikanywewa hata ikaisha, na wakaondoka bila kutia sahihi karatasi yo yote.

Kijana wa pikipiki aliambiwa asipitie tena jioni. Baadaye mama mwenyewe alimwita, siku tatu kwa juma, na pesa huingia katika simu ya mama; siku zilizobaki maziwa ni ya nyumbani. Nusu ekari ya nepia ilipandwa mwaka ule ule, upande wa chini karibu na mto. Mume hajakubali mpaka leo. Tukikutana naye sokoni hutuambia kwamba ardhi ile ingetoa magunia kumi ya mahindi, na kwamba majani ni hasara tupu. Lakini tukipita kwake jioni twamwona akipanda mlima mdogo ule, mzigo wa nepia kichwani, akimwita mkewe alete panga.